Nani wa Kunitajia

Sijapata kuona mtu mwoga kama Mwalimu Brigita. Nasema hivyo kwa kumpenda, na mwenyewe akisoma hapa atacheka, kisha ataangalia dirishani kama kuna mtu anakuja.

Aliogopa ziwa. Mtu amekaa Ujiji miaka mingapi, anakula samaki wake, migebuka, kila siku, lakini hajawahi kutia hata kisigino kwenye maji ya Tanganyika. Aliogopa radi, na huku kwetu radi haina mchezo, inapiga mpaka sahani zinalia kabatini. Aliogopa mbwa, aliogopa kifaranga akimrukia miguuni, na zaidi ya vyote aliogopa mtu yeyote aliyevaa kofia ya kazi. Hata yule mzee wa posta alikuwa anamshtua.

Kwao ni Songea huko. Alikuja Kigoma akimfuata mumewe, Bwana Theophil, karani wa serikali aliyehamishiwa kwetu. Walipanga nyumba Ujiji kwa sababu mjini kodi ilikuwa juu. Mume akitoka asubuhi kwenda ofisini, mke anabaki na ukuta. Siku moja mama mmoja muuza dagaa alimwomba amsomee kadi ya kliniki ya mtoto. Kesho yake wakaja wawili. Wiki haikuisha tukawa kundi zima, wanawake tunaonuka dagaa na mawese, tumemjazia baraza. Mwenye nyumba akanung'unika, ndipo tukahamia mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kwenye kibanda cha kuhifadhia magunia.

Humo ndimo tulimosomea. Ubao wetu ulikuwa ubavu wa mtumbwi mbovu, tuliusugua majivu tukaupaka rangi nyeusi. Tulisoma mchana, dagaa wakiwa wamelala mchangani wanakauka, maana muda ule kazi ilikuwa kufukuza ndege tu. Ungesikia "ba, be, bi," halafu "swaa! swaa!", mtu ametoka mbio kumfukuza kunguru, anarudi anakuta wenzake wako kwenye "da." Mwalimu hakulipwa na mtu. Chaki alinunua mwenyewe, nasi tulimfungia dagaa kwenye karatasi, anakataa, tunamwekea mlangoni.

Mimi naitwa Rozalia. Kwetu ni Simbo, nimeolewa Ujiji. Ulimi wangu ni mkali, hilo wote wanalijua, na mume wangu analijua zaidi. Mume wangu ni Feliksi. Jina lake la pili ni la baba yake, na hilo silitaji. Waha wa kwetu watanielewa bila maelezo. Kwa wengine nitaeleza: sisi mkwe hatajwi. Ukishaolewa, jina la baba mkwe wako linakutoka mdomoni moja kwa moja. Ukiulizwa, unamtazama jirani, jirani anakutajia, mambo yanaendelea. Nilifundishwa na mama yangu nikiwa mdogo kwamba mwanamke akilitaja anaitia nyumba aibu, na akiwa ananyonyesha maziwa yatamharibikia. Mtu wa mbali atacheka. Acheke.

Mwalimu hakujua. Siku moja alituambia kila mtu aje ubaoni aandike jina la mumewe kamili. Nikaandika "Feliksi," nikasimama. Akanitia moyo. "Endelea, Rozalia, unaweza." Nikasimama. Akadhani herufi zimenishinda, akaanza kunionyesha upya, polepole, kama mtoto. Wenzangu wanajifunika kanga midomoni kwa kicheko. Ikabidi Erica anyanyuke.

Erica alikuwa mwenzetu wa ng'ambo. Alikuja na mitumbwi mwaka wa tisini na tatu, vita ilipoanza kwao Burundi, akafika peke yake, hata kandambili hana. Hakwenda kwenye kambi ya wakimbizi. Bibi Yasmini, mama mtu mzima wa hapa Ujiji anayekamua mawese, alimchukua nyumbani kwake, wakaishi kama mama na mwana. Alikuwa mwepesi wa masomo kuliko sisi wote, na kwao desturi ya mkwe ni ile ile ya kwetu.

"Mwalimu, huyu usimlazimishe," alisema. "Mkwe hatajwi. Ukitaka kujua, niulize mimi, mimi siyo mke wa pale." Akalitaja.

Mwalimu Brigita akashika kifua. Alituomba radhi wiki nzima, mpaka tukachoka kusamehe. Ubishi ukabaki kwetu wenyewe, kama kuandika nako ni kutaja. Bibi Yasmini alisema kuandika ni kubaya zaidi, maana sauti inapita lakini maandishi yanakaa. Hatukufika mwisho. Mimi nikawa naandika Feliksi na kistari.

Miaka ile ilikuwa ya hofu, hata kwa sisi tusiokuwa na sababu ya kuogopa. Watu walikuja kutoka Burundi, baadaye wakaja wa Zaire, mitumbwi imejaa mpaka maji yanaingia. Ilisemekana kuna wenye bunduki wamejichanganya humo. Ilisemekana kipindupindu kimeingia. Huyu anakwambia usinunue samaki wa upande ule, yule anakwambia usipite njia ile. Ukisikia mlango unagongwa unauliza mara mbili. Halafu, mwaka wa tisini na saba, tukasikia habari ya msako: kila mgeni anayeishi nje ya kambi atakusanywa apelekwe kambini. Walianza vijijini. Watu wa Mwandiga wakatuletea habari kwamba malori yamepita kwao, na kwamba wamebebwa hata walioishi pale tangu utoto, wenye mashamba na wajukuu.

Bwana Theophil alimwonya mkewe. Alimwambia, mimi ni mtumishi wa serikali, kwenye darasa lako yupo asiyekuwa wa hapa, nami sitaki kusikia jina langu huko. Mwalimu alituambia mwenyewe, machozi yanamlengalenga. Lakini siku iliyofuata alikuja na mfuko wake wa chaki. Alifundisha huku anatazama barabarani, kila gari likipita anafuta ubao.

Walikuja mwaloni asubuhi, siku ya soko.

Nilikuwa nimeinama nageuza dagaa. Kuinua uso, nikaona watu wa mbele yangu wamenyamaza, na soko la Ujiji halinyamazi hivi hivi. Askari walikuwa wamezunguka, na mgambo kati yao, na malori mawili yamesimama huku juu. Tuliamriwa tuchuchumae kwa safu. Mtoto wangu Martini, wa kunyonya bado, nilikuwa nimemwacha nyumbani kwa mama mkwe. Nilijua ananisubiri. Mume wangu alikuwa dago, kambi ya wavuvi kusini kabisa. Baba yake alikuwa shambani kwa michikichi yake. Na balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye ndiye angesema huyu wangu, huyu siye, alikuwa amekwenda msibani Mwandiga.

Mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo, sauti ya pwani, amechoka. Hakutupigia kelele. Hilo lilinitisha zaidi. Alisema kwa upole kabisa: "Kila mtu atajibu la kwake. Atakayemjibia mwenzake nitajua ndiye anayeficha wakimbizi, na yeye atapanda."

Akaanza. Aliyejibu vizuri alisogezwa kushoto, aliyebabaika alipelekwa kwenye lori. Na sisi Waha Kiswahili chetu kina Kiha ndani yake, hatuwezi kukificha. Kwa sikio la mtu wa pwani, Kiha na Kirundi ni kitu kimoja. Nilisikia kila neno linalotoka midomoni mwa wenzangu, nikaona jinsi linavyomfanya yule bwana akunje uso.

Akafika kwangu.

"Mama, unakaa wapi?"

"Hapa hapa Ujiji, Afande."

"Kwa nani?"

"Kwa mume wangu. Baba Martini."

"Sijauliza habari za Martini. Mumeo anaitwa nani?"

"Feliksi."

"Feliksi nani?"

Nikageuka kumtazama jirani yangu. Ndivyo tulivyozoea, shingo iligeuka yenyewe. Jirani yangu akainamisha kichwa. Nikamtazama wa upande wa pili, naye akawa anatazama vidole vyake vya miguu. Siwalaumu. Walikuwa na watoto nyumbani kama mimi.

"Feliksi nani, mama?"

"Siwezi kulitaja, Afande."

"Huwezi?" Akacheka kidogo. "Limekuwa siri ya jeshi? Mke gani hajui jina la mumewe?"

Nilitaka kulitaja. Nataka mtu akisoma hapa aelewe, nilitaka. Niliona lori, nikaona Martini analia mikononi mwa bibi yake, nikafungua mdomo kabisa. Ulimi ukakataa. Mimi Rozalia, niliyewahi kumtukana diwani mbele ya watu, ulimi ulilala kama si wangu. Nililiogopa lori, nikaliogopa na lile jina, na katikati ya hofu hizo mbili nikahisi maziwa yanatoka yenyewe yanalowesha gauni. Nikajifunika kanga. Yule bwana akaona ninajifunika, akadhani naficha kitu.

"Lori," alisema.

Mgambo mmoja akanishika mkono. Nilimfahamu, alikuwa Selestini wa Katubuka, Muha mwenzangu. Nikamwambia kwa lugha yetu, wewe si unajua? Akageuza uso. Akaniketisha kando ya tairi pamoja na wengine, turubai limefunguliwa nyuma, watu wameshaanza kupandishwa. Mwanamke mmoja alikuwa analia bila sauti. Nikajua ndiyo basi.

Hapo ndipo nikamwona Mwalimu Brigita.

Baadaye alinieleza kwamba njiani alikutana na mwanamume mmoja anakimbia, akamwambia mama rudi, kuna msako. Akarudi, kweli. Alifika mpaka mlangoni kwake, akashika kitasa, kisha akashuka tena, na hakuweza kunieleza kwa nini. Mimi nilimwona anakuja kwa kuambaa ukuta wa maghala, mfuko wa chaki kifuani. Alipofika mwisho wa ukuta, pasipokuwa na pa kuegemea, akasikia mwingine anaulizwa jina la mume, akanitazama pale kwenye tairi, akasimama kidogo kama mtu anayetaka kuingia majini. Halafu akaja moja kwa moja kwa yule mkubwa.

"Shikamoo, Afande," alisema. Wala yule bwana hakumzidi umri.

"Wewe nani?"

"Mwalimu."

"Wa shule gani?"

"Sina shule. Nafundisha kina mama kusoma, pale kibandani."

"Nani anakulipa?"

"Hakuna, Afande."

"Hakuna." Akamtazama juu mpaka chini. "Una shida gani?"

Akaninyooshea kidole. "Yule ni wa hapa. Ni mke wa Feliksi," na akalitaja jina la pili, kwa sauti nyembamba, lakini kila mtu alilisikia. "Hawezi kulisema kwa sababu ni la mkwe wake. Huku mkwe hatajwi. Si kwamba halijui."

"Umesikia nilichosema kuhusu kumjibia mtu?"

"Sijasikia, Afande, nilikuwa sijafika." Akakaa chini mchangani, katikati ya dagaa. Akaendelea kusema akiwa amekaa. "Naogopa sana, Afande. Lakini ni kweli."

Halafu Selestini akakohoa. "Ni kweli, Afande," alisema. "Huku kwetu ndivyo ilivyo." Alijua muda wote, mjinga yule. Alikuwa na jibu mdomoni tangu aliponishika mkono, akangoja mwanamke wa Songea alitoe.

Mkubwa akavua kofia akajifuta jasho. Nadhani alifikiria mambo ya kwao, kwa sababu uso ulilainika. "Haya," alisema. "Mama Martini angoje pale kando, asipande kwanza. Na wewe mwalimu, kwa kuwa unawajua wote, simama unisaidie tumalize, jua limekuwa kali."

Nilishusha pumzi kabla ya wakati wake.

Askari wakamwinua Mwalimu, na mkubwa akatembea naye kwenye safu ya wanafunzi wake. "Huyu?" Akasema ni nani na anakaa wapi. "Huyu?" Akasema. Yule bwana akawa anaitikia kwa kichwa, anawasogeza kushoto, kazi imekuwa nyepesi, hata askari wakalegeza mabega. Mimi nilikuwa natazama mbele ya safu. Pale mwisho alichuchumaa Bibi Yasmini, na ubavuni kwake Erica, ametulia, mikono magotini.

Mwalimu naye alikuwa ameona. Hatua zake zilipungua.

Mkubwa hakuwa mtu wa kupumbazwa, akazigundua zile hatua. Akasimama. "Mwalimu," alisema, upole ule ule, "nimekuamini. Ukinidanganya kwa mmoja, basi umenidanganya kwa wote, na nitawapeleka kwenye lori mmoja mmoja. Nitaanza na yule mama wa maziwa." Akanionyesha bila kugeuka. Kumbe alikuwa ameona gauni langu.

Wakafika kwa Bibi Yasmini. Mwalimu akasema. Wakafika kwa Erica.

"Huyu?"

Mwalimu Brigita akafungua mdomo. Nilikuwa mbali kidogo lakini niliona midomo yake imekuwa myeupe, na niliona macho yake yananijia mimi, yanarudi kwa Erica, yananijia tena. Nitasema ukweli, niliomba Mungu, na sikumwombea Erica.

"Usimuulize mwalimu," alisema Erica. Alikuwa ameshasimama. "Mimi natoka Rumonge. Nimekuja na mtumbwi."

Bibi Yasmini akamshika upindo wa kanga, analia, "Mwanangu, kaa chini, kaa chini." Erica akaubandua ule mkono taratibu, akauweka kwenye paja la bibi. Akatembea mwenyewe mpaka kwenye lori, hakushikwa na mtu. Alipita karibu nami kabisa. Akaniambia, "Genda wonse umwana." Ni Kirundi, na Kiha si mbali, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kunitafsiria. Aliniambia niende nikamnyonyeshe mtoto.

Mkubwa akaniashiria niondoke, nikaenda. Nilikimbia njia nzima, nimeacha dagaa, nimeacha kapu, nimeacha viatu. Martini alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Maziwa yalikuwa mazima.

Darasa lilikaa siku nyingi bila kufunguliwa. Tulipokusanyika tena tulikuwa wachache, na Mwalimu alifundisha ameupa mgongo mlango, yeye ambaye hakuwahi kuupa mlango mgongo. Sasa gari likipita hakufuta ubao. Nilidhani labda uoga umemtoka siku ile, watu husema hivyo, kwamba ukiogopa sana mara moja inakwisha. Tena wenzangu walimsifu. Mwalimu shujaa, mwalimu simba. Akisifiwa alikuwa anaondoka.

Tulisikia baadaye kwamba Erica yuko kwenye kambi moja upande wa Kasulu, ni mzima. Bibi Yasmini alikwenda kumwona akarudi na salamu za kila mtu. Mwalimu aliuliza, "Na mimi?" Bibi akasema ndiyo, na wewe. Akauliza tena, kasema nini hasa? Bibi akasema, kakusalimu tu.

Nilimwambia twende wote, nitamsindikiza, basi lipo la moja kwa moja, na Erica angefurahi. Alikubali. Tukapanga siku, nikafunga dagaa wa zawadi na chupa ya mawese. Asubuhi nilimpitia nyumbani kwake, Martini mgongoni. Nilimkuta amevaa, amejitanda, amekaa kitandani, na hawezi kunyanyuka.

"Mwalimu, unaogopa nini sasa? Msako umekwisha. Barabara ni salama."

"Ataniuliza."

"Atakuuliza nini?"

"Pale alipoinuka, nilikuwa nataka kusema nini."

Nikaketi kando yake. Nikamuuliza mimi basi, kwa sauti ndogo, alikuwa anataka kusema nini. Akanitazama, akamtazama na mtoto mgongoni kwangu, kisha akaanza kulia. "Nilikuwa nimeshafungua mdomo, Rozalia," alisema. "Neno lilikuwa limeshafika."

Sikumuuliza ni neno gani, la kumpandisha Erica au la kunipandisha mimi. Niliogopa kuliko siku ile ya lori. Nilimvua viatu, nikamfunika shuka, na zile zawadi nikazipeleka peke yangu.